Siku Serikali Ilipochukua Hatua

Nchi hii ina jina, lakini jina limepelekwa kufanyiwa ukarabati na mpaka sasa halijarudi, kwa hiyo tutaiita Nchi. Ni nchi nzuri. Ina wimbo, ina amani, ina mitaro ya maji machafu, na ina Wizara ya Burudani, Maadili na Mitaro inayosimamia vyote hivyo isipokuwa amani, ambayo inajisimamia yenyewe.

Wananchi wa Nchi walikuwa wakicheza gemu moja ya simu iitwayo Vuka. Waliicheza benki wakisubiri kuitwa. Waliicheza msibani wakijifanya wanasoma ujumbe wa rambirambi. Kuieleza ni rahisi: kuna kijitu chenye kofia, kinatembea, kinaruka, kinakaa, kinaanguka. Hakisemi. Ukifika mwisho, au ukianguka njiani, kofia yako inabaki pale ulipoishia, na watakaokuja nyuma yako wataiona. Sehemu moja ya gemu, yenye mwanzo wake na mwisho wake, inaitwa hatua. Utamu wenyewe ulikuwa hapa: hatua zote za Vuka zilijengwa na wachezaji. Yeyote mwenye simu na kidole aliweza kujenga hatua yake, akawaachia wenzake wahangaike nayo.

Sasa nisiseme uongo. Hatua zilikuwa hazilingani. Kulikuwa na hatua ya mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia ambamo ulitembea juu ya mawingu na mvua ikanyesha kwenda juu, na watu walipoimaliza waliweka simu chini taratibu, kama waliotoka kusali. Kulikuwa na hatua ya bwana mmoja muuza ndoo sokoni ambamo ulizaliwa ndani ya shimo. Ndiyo hatua nzima: umeanza, umekwisha. Kulikuwa na hatua yenye mlango mzuri wa kuchonga na ufunguo wake wa dhahabu, ila ufunguo uko nyuma ya mlango. Kijana mmoja alijenga jina la mchumba wake kwa matofali, herufi kubwa kubwa. Wakaachana, akarudi akaweka miiba juu ya kila herufi. Hiyo ilipendwa sana. Na kulikuwa na hatua nyingi tu ambazo mjenzi aliondoka katikati kwenda kuangalia maharage jikoni, hakurudi tena.

Watu walisemana juu ya hatua hizi kutwa.

"Hii umeijenga kwa miguu?"

"Kwa miguu, ndiyo. Na wewe imekushinda kwa mikono."

Wakacheka, wakafungua nyingine. Hakuna aliyetambua kwamba hili lilikuwa tatizo la kitaifa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na elimu ya kutosha.

*

Mwenye elimu ya kutosha alikuwa Mheshimiwa Dakta Gervasi Mtukura, Waziri wa Burudani, Maadili na Mitaro. Siku ya kufungua Wiki ya Ubunifu, uwanjani, mbele ya kioo kikubwa kama ukuta wa ghorofa, aliamua kuwaonesha vijana kwamba Serikali nayo inacheza. Akapewa simu. Akagusa hatua ya kwanza iliyojitokeza, na kwa bahati ikawa ile ya muuza ndoo.

Akazaliwa ndani ya shimo.

Akarudia. Akazaliwa tena mle mle. Msaidizi wake alimnong'oneza kwamba labda ajaribu kwa kidole gumba. Akajaribu kwa kidole gumba.

"Ruka, mzee!" wakapiga kelele wa jukwaa la kulia.

"Ataruka aende wapi, na kazaliwa humo?" wakajibu wa kushoto, na uwanja ukavunjika mbavu.

Mheshimiwa akairudisha simu, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, haiwezekani. Haiwezekani, katika Nchi yenye amani, mtu mzima, mwenye familia na shahada, aanze safari yake shimoni. Nimefanya utafiti, na mmeushuhudia. Hatua za Nchi hii hazilingani ubora. Ziko za juu, ziko za chini, na mimi nauliza: za chini zimekosa nini? Nasema mbele yenu na mbele ya kamera: Serikali itachukua hatua!"

Watu wakapiga makofi kwa mazoea. Maneno yale waliyajua. Yalisemwa daraja lilipoanguka, yalisemwa dawa zilipopotea hospitali, yalisemwa daraja lilipoanguka tena. Maana yake ilikuwa kwamba mkutano umekwisha na kila mtu anaweza kwenda nyumbani.

Kwa bahati mbaya, wiki ile Wizara ilikuwa imeajiri maofisa wapya, vijana wakakamavu kutoka chuoni, ambao hakuna aliyekuwa amewaeleza. Wao walimsikia Waziri akisema Serikali itachukua hatua. Wakaenda kuzichukua.

*

Walikwenda na lori la kuzibulia mitaro mpaka kwenye jengo lenye mitambo ya Vuka.

"Tumekuja kuchukua hatua," wakamwambia mlinzi.

"Hatua zipi?"

"Zote."

Mlinzi akatazama lori. "Zitaenea?"

"Zisipoenea tutarudi."

Fundi wa mitambo aliwaeleza kwa upole kwamba hatua hazina uzito. Wakasema hilo watalithibitisha wenyewe ofisini. Wakazichukua, pamoja na nyaya, meza, na feni iliyokuwa ikipoza mitambo, na kabla ya jua la adhuhuri simu zote za Nchi zilionesha maneno mawili: HATUA ZIMECHUKULIWA.

Chini ya maneno hayo palikuwa na kijitu kimoja, kimening'inia hewani, miguu juu. Kilikuwa cha Mheshimiwa Waziri. Alikuwa ofisini akifanya mazoezi ya lile shimo kwa siri, na hatua zikachukuliwa yeye akiwa bado anadondoka. Msimu mzima wa mvua kijitu kile kilikaa vile vile kwenye simu ya kila mwananchi, na watoto wakabuni mchezo wa kukiiga. Ndipo Baraza la Mawaziri likapitisha haraka ile inayoitwa Kanuni ya Staha, ambayo wananchi wanaiita Kanuni ya Miguu Juu: ni marufuku kufunga hatua yoyote wakati kijitu cha mtu kimo ndani.

Waziri alipoarifiwa maofisa wake walichofanya, alikunywa maji. Alikuwa hajawahi kukosea, na hakuona sababu ya kuanza siku hiyo.

"Ndicho nilichomaanisha," alisema.

Nchi jirani zilituma salamu za pongezi. Kati ya serikali zote za ukanda wetu zilizokuwa zikiahidi kuchukua hatua tangu zilipopata uhuru, yetu ilikuwa ya kwanza kujulikana kwamba imezichukua kweli. Wajumbe walikuja kujifunza. Wengine waliomba kuliona lori.

*

Hatua zilipokwisha kuchukuliwa ilibidi zifanywe kitu, kwa hiyo ikaundwa Mamlaka ya Usawazishaji wa Hatua. Mkurugenzi wake alikuwa Bwana Filemoni Sawaya, mtu mpole na msafi, aliyesomea upimaji wa barabara, na ambaye kwa kauli yake mwenyewe hajapata kucheza kitu chochote tangu azaliwe. Hiyo ndiyo sifa iliyompa kazi. Asiyecheza hana upendeleo.

"Ubora ni nini?" aliuliza siku ya kuapishwa. "Ubora ni kulingana. Hatua mbili zikilingana, zote mbili ni bora. Hatua zote zikilingana, hakuna mwananchi atakayemcheka mwenzake, wala kiongozi."

Wakaanza na mbaya. Shimo la muuza ndoo likafukiwa, na watu wengi, lazima tukubali, waliona ni haki. Ule mlango wa kuchonga nao ukafanywa ufunguke bila ufunguo. Kisha akaitwa mwalimu wa jiografia. Hatua yake ilikutwa imezidi ubora, jambo linalozifanya za wenzake zionekane pungufu. Akatakiwa mvua yake inyeshe kwenda chini. Baadaye mawingu yakaondolewa kwa sababu za usalama. Halafu mvua nayo ikaondolewa, maana ilikuwa haina tena pa kutokea. Ikabaki barabara iliyonyooka kutoka kushoto kwenda kulia, na mwisho wake picha ya Waziri akitabasamu.

Mwalimu na muuza ndoo walikutana getini wakitoka kupokea hatua zao. Kila mmoja akatazama simu ya mwenzake.

"Kumbe tulikuwa tunajenga kitu kimoja," alisema mwalimu.

"Mimi changu kilikuwa na shimo," alisema muuza ndoo, na mtu mzima yule akatokwa machozi.

Magazeti yaliandika kwamba ufaulu wa Vuka sasa ni kamili. Haikuwezekana kushindwa. Ulibonyeza, kijitu kikatembea, Waziri akatabasamu, makofi yakasikika. Wananchi wakafaulu, wakaweka simu mfukoni. Msibani watu wakaanza kusoma rambirambi kwelikweli.

*

Kati ya hatua zilizosubiri kunyooshwa kulikuwa na moja iitwayo Nyumbani. Ilijengwa na Bi Mwajabu, msusi wa nywele, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sadala. Hakuwahi kucheza gemu mpaka alipopata mteja mmoja msichana wa chuo, mwenye nywele nyingi za kusuka kutwa, aliyemfundisha kujenga huku kichwa kimeinamishwa, simu kaishika juu ya bega. Mama Sadala akajenga kwa namna aliyoijua. Njia zake zote zilikuwa mistari ya msuko wa twende kilioni: zinaanzia chini pande zote, zinapanda sambamba, zinakutana utosini kwenye fundo moja, na juu ya fundo akaweka benchi. Upande wa kushoto, chini, kuna ngazi. Ngazi ile inapanda vizuri kabisa na kuishia ukutani. Mteja alikuwa amekwisha kusukwa, akaondoka kabla ya somo kuisha.

Kwa kipimo chochote ilikuwa hatua mbovu. Rangi zake zilipigana.

Lakini Sadala, mtoto wake wa pekee, alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali, kwenye mitambo ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari. Tajiri wa huko alikuwa amezuia kupiga simu na kutuma ujumbe, ili wafanyakazi wasipoteze nguvu kwa kukumbuka kwao. Gemu hakukumbuka kuizuia. Kwa hiyo kila siku, wakati wa mapumziko, Sadala aliingia Nyumbani. Angeweza kwenda moja kwa moja kwenye benchi, njia aliijua. Badala yake alipanda ile ngazi mpaka ukutani, akaanguka, akaacha kofia yake ya njano pale chini. Watu wengine walianguka kwenye ngazi ile mara moja, wakajifunza. Sadala peke yake ndiye aliyeanguka kila siku. Na kila asubuhi mama yake alifungua simu kabla ya kufungua saluni. Akikuta kofia mpya ya njano chini ya ngazi, alijua mwanawe yu hai, ana nguvu za kupanda, na bado ana utani. Basi akafungua saluni.

Tangu Serikali ichukue hatua, alikuwa hajui lolote.

Akaenda Mamlaka. Bwana Sawaya alimkaribisha yeye mwenyewe, akamvutia kiti, na katibu muhtasi wake, Bi Restituta, akakaa pembeni akichapa mazungumzo.

"Karibu, mama. Hatua yako tumeipitia. Pole sana."

"Pole ya nini, baba?"

"Ya ngazi. Inakwenda ukutani."

"Najua."

"Unajua?"

"Si nimeijenga mimi?"

"Basi nina habari njema. Tumeiondoa. Na zile njia zilizokuwa zinapanda panda tumezinyoosha, na benchi tumelishusha tukaliondoa. Ukikubali tu, leo leo tunairudisha hewani."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Barabara, kushoto kwenda kulia. Waziri, akitabasamu.

"Hapa si kwangu," alisema Mama Sadala.

"Jina lako lipo pale juu, mama."

"Mwanangu akipita hapa atajuaje? Ataona barabara, atasema mama kahama. Au atasema mama kafa, nyumba wamepewa watu."

"Lakini hataanguka."

"Nataka aanguke!"

Bi Restituta aliacha kuchapa. Mama Sadala akaeleza yote: chumvi, tajiri, kofia ya njano. Bwana Sawaya alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliofanya iwe vigumu kumkasirikia.

"Nimekuelewa kabisa, mama. Unachohitaji wewe ni huduma ya salamu. Hiyo ni wizara nyingine."

"Ninachohitaji ni ngazi yangu."

"Haiwezekani. Nikikurudishia wewe ngazi, kesho yule muuza ndoo atataka shimo lake."

"Mpeni. Shimo kachimba mwenyewe, la nani?"

"Mama yangu, lilikuwa shimo baya."

"Baya, ndiyo. Nimeingia humo mimi, nimecheka mpaka nikakosea mstari kichwani kwa mtu. Hiyo barabara yenu imeshamchekesha nani?"

Bwana Sawaya akafungua kitabu cha sheria. Akamweleza kwamba kwa mujibu wa sheria, anayekataa kunyooshewa hupelekwa kwenye kikao cha mwisho. Hapo hatua hufunguliwa kama ilivyokuwa, mjenzi huonesha makosa yake mwenyewe mbele ya watu, kisha hatua inafutwa moja kwa moja isirudi tena.

"Nakitaka hicho kikao," alisema Mama Sadala.

"Mwishoni inafutwa, mama."

"Nimesikia. Sina uziwi."

*

Kikao kilifanyika asubuhi, katika ukumbi wa Mamlaka, wazi kwa wananchi ili wajifunze. Waziri hakufika, ila alituma kiti chake. Fundi akawasha, na pale kwenye kioo kikubwa ikatokea Nyumbani, na rangi zake zote zikigombana. Mtu mmoja nyuma akasema "Ee!" kama aliyeona ndugu stendi.

"Mjenzi aoneshe kosa," alisema Bwana Sawaya.

Mama Sadala akashika simu. Kijitu chake kikaingia, kikaipita ngazi, kikashika mstari wa katikati, kikapanda, kikapanda, kikafika utosini. Kikakaa kwenye benchi.

"Sasa ngazi, mama."

"Napumzika kwanza."

Wakasubiri. Ni heshima kumsubiri mtu mzima. Halafu wakasubiri zaidi ya heshima.

"Mama, onesha kosa tufunge."

"Sioneshi. Na hamfungi."

"Fundi, funga."

"Siwezi, mkurugenzi. Kuna mtu ndani. Kanuni ya Miguu Juu."

"Basi mtoe."

"Hatoki mpaka atoke mwenyewe."

Bwana Sawaya akamgeukia. "Mama, utakaa hapo mpaka lini?"

"Mimi saluni kwangu simtoi mtu kitini kasukwa nusu kichwa. Na nyie hamnitoi mpaka mwanangu aje."

"Lakini hapa ni ukumbini. Mwanao atakujaje?"

Fundi akakohoa. "Mkurugenzi, swichi ni moja tu. Ikifunguka hapa, imefunguka kote."

Alikuwa hajamaliza kusema, kijitu cha pili kikaingia. Kilikuwa cha mwalimu wa jiografia. Kikapanda taratibu, kikakaa kando ya Mama Sadala. Kikaja cha muuza ndoo, kikatafuta shimo, kikalikosa, kikajitupa kutoka kwenye benchi kwa makusudi, kikarudi, kikajitupa tena kwa furaha. Kisha wakaja wengi. Watu waliokuwa benki, watu waliokuwa msibani, watu waliofaulu msimu mzima na kuchoka kufaulu. Walijaa kwenye mistari kama chawa, walipanda ngazi, wakagonga ukuta, wakaporomoka mmoja juu ya mwingine, na mle ukumbini kila mtu alikuwa na simu mkononi.

"Sogea huko, benchi si la baba yako!"

"Baba yangu ndiye huyo uliyemkalia!"

"Nani kajenga ngazi ya kijinga namna hii?"

"Mimi," alisema Mama Sadala bila kuinua macho. "Kama huitaki, shuka."

Hakushuka mtu. Bwana Sawaya akasoma kwa sauti vifungu vya sheria. Vijitu vikaruka ruka, ndivyo vinavyojua. Akamwita askari wa getini aje awatoe.

"Niwatoe kina nani, bosi?"

"Hao wote waliokaa."

Askari akatazama kioo, akajikuna shingo. "Yule wa tatu kutoka kushoto ni mimi."

Kofia zikalundikana chini ya ngazi: nyekundu, za bluu, za madoadoa. Mama Sadala alikuwa haangalii benchi wala watu. Alikuwa anaangalia pembe ile ya chini kushoto, hapepesi. Ilianguka moja ya rangi ya machungwa, akainuka nusu kitini, akaona siyo, akakaa. Saa ya chakula ilipita. Hakuna aliyekwenda kula.

Alasiri Bwana Sawaya akajinyoosha koti, akagonga meza. "Muda wa ofisi umekwisha. Natangaza kikao kimefungwa."

"Kikao gani kinafungwa na watu bado wamekaa?" aliuliza Bi Restituta. Aliuliza kwa adabu, kwa sauti ndogo, na vidole vyake havikuwa kwenye kompyuta. Vilikuwa kwenye simu yake.

Ndipo kikaingia kijitu chenye kofia ya njano.

Kilisimama mlangoni. Kikageuka kushoto, kikageuka kulia, kama mtu aliyerudi akakuta kwao kuna harusi. Vijitu vyote vilivyokuwa kwenye ngazi vikashuka, sijui nani aliviambia, vikakipa nafasi. Kikapanda, kipande kwa kipande, kwa maringo, mpaka juu kabisa. Kikagonga ukuta. Kikaanguka miguu juu, na kofia ikabaki pale chini, ya njano, juu ya zote.

Ukumbi ulipiga yowe mpaka kiti cha Waziri kikaanguka. Mama Sadala hakupiga yowe. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mshenzi huyu," alisema taratibu. "Yupo."

Kijitu kikaingia upya na kofia nyingine ya njano, kikaanza kupanda ngazi ile ile. Bwana Sawaya, ambaye hajapata kucheza kitu chochote tangu azaliwe, alikuwa amesogea mpaka mbele ya kioo, tai imekwenda mgongoni, mikono juu.

"Lakini hapo hapana njia!" alipiga kelele. "Jamani, mwambieni! Si ameshaona? Kijana, hapana njia hapo!"

"Kaa chini, baba," alisema Mama Sadala. "Unatuziba."